Walimu naombeni ushauri: mtoto anajuaje kosa lake mapema kwa kutumia simu moja tu ya mwalimu?

Wakuu habari za jioni. Nafundisha hesabu form two shule ya kata, mkondo wangu una watoto 98. Nikikusanya madaftari leo mpaka niyarudishe ni wiki mbili, na mtoto akilipata anaangalia maksi anafunga. Juzi nikakuta binti mmoja 2(x+3) kaandika 2x+3, nikafunua nyuma kurasa sita, kosa ni hilohilo, kote nimepiga X nyekundu na hakuna nilipomwandikia kwamba ile 2 inazidisha na 3 pia. Imeniuma sana. Simu ninayo, bando naweka mwenyewe, wanafunzi simu hawaruhusiwi. Mnatumia nini?

Ticha_Mkongwe: Pole mwalimu. Jaribu app ya Plickers, haihitaji simu ya mwanafunzi. Unaprinti kadi, kila kadi ina namba yake na mchoro kama QR code, pande nne ni A, B, C, D. Unaandika swali ubaoni, mtoto anainua kadi jibu lake likiwa juu, wewe unapitisha kamera ya simu darasani na majina yanakuja nani kapata nani kakosa. Herufi ni ndogo hivyo jirani haibii. Jibu moja weka hiyo 2x+3 makusudi, utawaona wote wenye shida ya binti yako siku hiyohiyo.

mama_chaki: Ila seti kubwa ina kadi 63, kwa watoto 98 haitoshi. Mimi nagawa kadi moja kwa dawati, wanabishana kwanza ndo wanainua, na kule kubishana wanasahihishana wenyewe kabla sijafungua mdomo. Gundisha kwenye maboksi magumu, karatasi tupu haimalizi mwezi.

Mwl wa Zamu: Google Forms, zile fomu za mtandaoni, nayo nzuri, unaiweka kama kwizi na kila swali unaliandikia maelezo ya kumtokea aliyekosa. Shida wengine nyumbani hakuna simu janja, wataachwa. Na tafadhali matokeo usiyamwage kwenye grupu la wazazi la WhatsApp, mtoto mmoja kwangu aligoma kuja shule siku tatu.

Mwenye uzi: Asanteni sana. Kadi kwa dawati nimeielewa, kesho naenda steshenari. mama_chaki, wakibishana dawatini wakashindwa kukubaliana unafanyaje?

mama_chaki: Wanaiacha kadi chini, na hilo dawati ndo naanza nalo.