Bustani ya starehe katika riwaya ya mapenzi ya mwaka 1815

Muulizaji, Dodoma:
Ndugu zangu, naandika riwaya fupi ya mapenzi inayotokea London mwaka 1815, na ningependa wapendanao wakutane katika bustani ya starehe. Nimeshachagua Ranelagh kwa sababu ya ukumbi wake wa mviringo. Je, mahali hapo panafaa, na wangefikaje?

Mchangiaji, Kondoa:
Ranelagh ilifungwa mwaka 1803, hivyo wahamishie Vauxhall, ng'ambo ya Mto Thames, iliyodumu hadi 1859. Daraja la Vauxhall lilifunguliwa mwaka 1816, kwa hiyo wahusika wako watavuka kwa mashua au watazunguka kwa daraja la Westminster. Mimi ningechagua mashua, maana binti aliyeketi karibu na kijana asiyemfahamu, maji yakimrukia, hahitaji maelezo mengi.

Mchangiaji, Singida:
Naongeza kuhusu giza, ambalo sisi tuliokulia vijijini kabla ya umeme tunalielewa vizuri. Pale Vauxhall taa za mafuta kwa maelfu ziliwashwa karibu kwa mkupuo mmoja, lakini kulikuwa na njia yenye giza, na binti aliyeonekana humo bila msindikizaji angeweza kuvunjiwa heshima mji mzima. Kisa chako kimo humo. Usisahau pia nyama ya paja la nguruwe iliyouzwa bustanini humo, iliyokatwa nyembamba mno hata ikawa mzaha.

Muulizaji, Dodoma:
Ahsanteni sana. Ranelagh naifuta leo. Mashua na njia ya giza nitavitumia vyote, ila shangazi wa binti atabaki mezani akiilalamikia nyama.