Wajenzi wa mifumo, acheni kuharibu violezo vyetu vya Excel

Ndugu wanajamvi, nafungua uzi huu nikiwa na hasira. Kampuni iliyotuuzia mfumo wa kutoa ripoti za fedha imetuletea tena faili zilizovurugika, na jibu lake halijabadilika: takwimu ni sahihi, mwonekano tutajirekebishia wenyewe. Kiolezo tunachotumia tumekabidhiwa na mfadhili, ambaye haruhusu kiguswe hata upana wa safu wima. Kazi ya mfumo ilikuwa kukifungua, kuandika thamani katika seli zilizoachwa wazi na kukihifadhi kwa jina jipya.

Badala yake, tarehe 1 Januari 2025 inasomeka 45658. Excel huhifadhi tarehe kama hesabu ya siku, na umbizo la seli ndilo linaloifanya isomeke kama tarehe; ukilifuta, umemwachia msomaji namba isiyo na maana kwake. Namba za simu zimepoteza sifuri ya mwanzo kwa kuwa zimeandikwa kama namba badala ya maandishi. Orodha za kuchagulia zimetoweka, na visanduku vya maelekezo vilivyochorwa juu ya lahakazi havipo.

Mfumo umejengwa kwa lugha ya programu ya Python, na sina ugomvi na openpyxl, maktaba ya Python ya kusoma na kuandika faili za Excel, kwani maelezo yake yenyewe yanatamka kwamba haisomi kila kilichomo katika faili na kwamba maumbo hupotea faili ikifunguliwa na kuhifadhiwa. Inapolazimika kuacha baadhi ya kanuni za uthibitishaji wa data, ambazo ndizo huunda orodha za kuchagulia, hutoa onyo. Tulipoomba kuona msimbo, tulikuta mstari unaonyamazisha maonyo yote! Mtu amelipwa, ameonywa, akachagua kutosikia.

Baya zaidi ni jumla. Miamala ilipozidi nafasi iliyotengwa, msimbo uliingiza safu mlalo mpya katikati ya jedwali, ilhali openpyxl hairekebishi fomula safu zinapoongezwa. Fomula ya SUM ikaendelea kujumlisha eneo lile la zamani, na miamala iliyosukumwa chini ikabaki nje ya hesabu. Hizo takwimu sahihi tunazoambiwa ziko wapi?

Tafadhali msinishauri nitumie to_excel, amri ya maktaba nyingine ya Python iitwayo pandas, kwa sababu kwa kawaida huandika faili mpya juu ya ile iliyokuwepo, wala maktaba ya XlsxWriter, ambayo haiwezi kufungua faili iliyopo. Faili ya xlsx ni kifurushi cha zip chenye hati za XML, yaani maandishi yaliyopangwa kwa alama, na mitindo yote imewekwa katika styles.xml, huku kila seli ikibeba namba tu ya mtindo wake. Anayejua hilo anaweza kubadilisha thamani peke yake bila kugusa kingine, au akaiendesha Excel yenyewe ifanye kazi hiyo. Anaweza pia kuziita seli kwa majina yaliyowekwa ndani ya kiolezo, badala ya kukariri kwamba jumla iko F30.

Tumezuia malipo ya awamu ya mwisho hadi faili iliyojazwa ifunguliwe mbele yetu kando ya kiolezo kitupu, na tofauti pekee iwe thamani tulizoingiza. Wenye mkataba wa namna hii, naomba mniwekee hapa maneno ya kifungu mlichotumia kulidai jambo hili, kwa maana wa kwetu unasema tu kwamba mfumo “utatoa ripoti za Excel”.