Naomba ushauri: kupima uraibu wa simu kwa wanafunzi wa sekondari

Habari zenu wakuu. Mi ni mwalimu wa ushauri nasaha shule ya kutwa, nataka kupima matumizi ya simu na intaneti yaliyopitiliza kwa vijana wa fomu two na fomu three. Nimepata dodoso fupi la Korea Kusini la 2013, SAS-SV (kipimo kifupi cha uraibu wa simu janja), lina maswali 10, kila swali mtoto anajipa 1 mpaka 6, mpaka wa hatari ni jumla ya alama 31 kwa wavulana na 33 kwa wasichana. Shida ni kwamba vijana wa Korea walikuwa na simu zao mfukoni, wangu wengi wanaazima ya mama usiku bando likiwepo, sasa mtu kakosa bando wiki nzima alama zikishuka ndo tuseme yuko salama? Alafu kuna swali linataja Twitter na Facebook wakati hawa wako TikTok na status za WhatsApp. Na shuleni kwetu simu ni marufuku, naogopa wataficha wakiona mwalimu ndo anakusanya karatasi. Aliyewahi kufanya hii kitu anisaidie jamani, nibadilishe maswali au nichukue lile dodoso la uraibu wa intaneti la Kimberly Young la maswali 20? Na nani akusanye karatasi?