Vijana wangu wa kipaimara wanamchanganya Kristo na "ulimwengu". Naombeni ushauri

Mwalimu wa Uyole:
Wapendwa, heri ya jioni. Nafundisha darasa la kipaimara kwenye ushirika wetu wa Moravian huku Uyole, Mbeya. Siku ya kipaimara inakaribia na roho yangu haijatulia. Naomba wenye uzoefu mnisaidie, hasa wachungaji, makatekista na wazazi.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nakagua madaftari, nikafungua la binti mmoja hodari sana, anayeshika mistari kuliko wenzake. Ukurasa wa kushoto ameandika Imani ya Mitume kwa mwandiko safi, ameipigia mstari kwa peni nyekundu. Ukurasa wa kulia: "Ulimwengu unanipenda. Ulimwengu unanipa ada." Asubuhi mara tatu, mchana mara sita, usiku mara tisa, na tarehe pembeni. Nikamuuliza haya umeyatoa wapi, akajibu bila wasiwasi wowote: "TikTok, mwalimu. Si yote ni imani?" Mama yake anauza viazi sokoni, na binti amesharudishwa nyumbani kwa sababu ya ada.

Huyo ni mmoja. Kuna kijana ambaye ukoo wao kule Rungwe walipeleka pombe kwenye kaburi la babu, nyuma ya migomba, kwa sababu ng'ombe walikuwa wanakufa. Walioongoza ni watu wanaoshiriki meza ya Bwana. Wengine wanakuja na vichupa vya mafuta ya upako vilivyonunuliwa kwenye huduma fulani mjini, wanapaka kalamu kabla ya mtihani. Na kaka wa mmoja wao, yuko chuo, anawaambia Yesu ni mmoja tu kati ya walimu wakubwa, dini zote zinafika kulekule, na hata hivyo Ukristo ni wa Wajerumani waliokuja 1891.

Baraza la wazee limegawanyika. Wapo wanaotaka vijana hawa wasubirishwe mwaka mzima, wapo wanaosema ni utoto, utapita. Mimi sitaki kuwafukuza, na sitaki kuwapeleka madhabahuni wakiwa na mabwana wawili daftarini. Nianzie wapi?

Nuru ya Tunduma:
Wasubirishwe. Soma 2 Wafalme 17, wale waliohamishiwa Samaria walimcha Bwana huku wakiitumikia miungu yao, na Biblia haikuwasifia. Yuda 3 inatuambia tuishindanie imani waliyokabidhiwa watakatifu mara moja tu. Mkilegeza kwa vijana, kesho hao ndio wazee wa kanisa.

Katekista Mstaafu:
Kamwene mwalimu. Mimi ni Mkatoliki, nipo Kihesa, Iringa. Namwelewa ndugu yangu wa Tunduma, ila kabla ya kumsubirisha mtu mwulize kwanza kama alifundishwa.

Huyo binti ameipigia mstari Imani ya Mitume, na jibu lake limo humo humo kwenye sentensi ya kwanza. Mungu ni Mwumba wa mbingu na nchi. Maana yake huo ulimwengu anaouandikia usiku ni kiumbe kama yeye. Hausikii, haumpendi, haumjui kwa jina, na hauna ada ya kumpa. Anayesikia ni aliyeuumba, naye anaweza kumpa, kumchelewesha, au kumkatalia, kwa sababu ni Baba. Anayeandika mara tisa anadhani akipatia hesabu mbingu italazimika. Anayesema "mapenzi yako yatimizwe" hamlazimishi Mungu kitu. Mkalishe, mfungulie kurasa zote mbili, mwulize: hapa unaongea na nani, na hapa unaongea na nani? Kisha nyamaza, mwache ajibu mwenyewe.

Wala usione kama balaa hili limezuka jana. Wakolosai walikuwa wakichanganya Injili na falsafa za watu na kuabudu malaika, ndiyo maana Paulo anawaonya katika sura ya pili, mstari wa 8 na wa 18. Karne ya pili Irenei, askofu wa Lyon, alipambana na walimu waliodai wana maarifa ya siri, na kwamba aliyeumba dunia hii si Baba wa Yesu Kristo. Halafu akaja Arius, padre wa Aleksandria, aliyefundisha kwamba Mwana ni kiumbe. Huyu alitia mafundisho yake kwenye nyimbo, za mabaharia, za wasagaji, za wasafiri. Watu walikuwa wanaimba tu huku kazi inaendelea, na fundisho linaingia. Simu za vijana wako zinafanya kazi hiyo hiyo.

Maaskofu walipokutana Nikea mwaka 325 walimjibu Arius kwa maneno tunayoyasema hadi leo: "Mungu kweli kwa Mungu kweli, aliyezaliwa bila kuumbwa." Athanasi wa Aleksandria alifukuzwa kwenye jimbo lake mara tano kwa kutoyaachia maneno hayo. Aling'ang'ana kwa sababu alijua kinachopotea. Kama Mwana ni kiumbe, basi Mungu mwenyewe hajaja kwetu, ametuma mtu mwingine, na sisi bado tuko pale pale na kifo chetu. Ndiyo hoja ya kumpa yule kaka wa chuo. Walimu wakubwa tunao wengi. Aliyefufuka na kusamehe dhambi ni mmoja.

Mama wa Makambako:
Katekista amefundisha vizuri, mimi nataka kuongezea kama mama.

Mwalimu, watu hawaendi kwenye kaburi na pombe kwa sababu wamechambua mafundisho wakaona ya mizimu ni bora. Wanakwenda kwa sababu ng'ombe wanakufa na hakuna mtu wa kanisa aliyefika pale bomani. Kwetu msiba ukitokea, zamani mchungaji alizika akaondoka. Usiku wa kuanua tanga familia inabaki na wazee wa ukoo peke yao, na hapo ndipo mambo yote yanapofanyika. Siku hizi akina mama wa kanisa tunabaki mpaka tanga linaanuliwa. Tunapika, tunaimba, mzee wa ukoo anapewa nafasi ya kumsimulia marehemu, kisha tunamwombea mjane na watoto kwa jina la Yesu. Mambo ya kaburini yamepungua sana bila mtu kutukanwa.

Kuhusu mafuta, usiwaambie vijana kwamba mafuta ni mabaya, watakushinda kwa Yakobo 5:14. Wasomee mstari wenyewe: mgonjwa anawaita wazee wa kanisa, wanamwombea, wanampaka kwa jina la Bwana. Hakuna bei. Kisha uwapeleke Matendo 8, Simoni alipowatolea mitume fedha apate uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu, waone Petro alimjibu nini.

Na huyo binti, nakuomba, kabla ya somo lolote baraza lijadili ada yake. Mtoto anayeomba ada kwa ulimwengu huku kanisa zima linajua amerudishwa nyumbani, sisi tutamhubiria nini?

Kijana wa Ilemi:
Shikamooni wazee. Naheshimu mnayosema, lakini mbona kila cha Mwafrika kinaitwa kuchanganya? Babu yangu nikimkumbuka nimekosa nini? Na nyie Wakatoliki mnaomba watakatifu waliokufa, ila babu wa Mnyakyusa ndiye haramu?

Katekista Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali mawili mazito, nayachukua yote.

La watakatifu, sikufichi, hapo sisi na ndugu zetu Wamoravian hatukubaliani, na wenyewe watakueleza kwa nini. Sisi tunaamini walio kwa Kristo wanaweza kutuombea kwake, kama ninavyokuomba wewe uniombee. Lakini tambiko halimwambii babu atuombee kwa Kristo. Linampa babu mamlaka juu ya ng'ombe, mvua na watoto, na linamtuliza ili asidhuru. Hapo mimi na Mmoravian tunasimama pamoja. Mkumbuke babu yako, safisha kaburi lake, mpe mwanao jina lake, simulia mema yake. Usimwogope, wala usimwombe anachokupa Mungu.

La pili, Ukristo si mali ya Mjerumani. Athanasi niliyemtaja alikuwa askofu wa Misri. Perpetua na Felista waliuawa Karthago, Afrika ya Kaskazini, mwaka 203, wakikataa kuitolea sadaka miungu ya Rumi. Agostino alizaliwa mwaka 354 kwenye nchi ambayo leo ni Algeria. Mfalme Ezana wa Aksumu, Ethiopia, alimpokea Kristo karne ya nne, na askofu wa kwanza wa kule, Frumensio, aliwekewa mikono na Athanasi huyo huyo. Wamisionari waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuta imani hii imeishi Afrika miaka mingi kabla ya wazee wao kubatizwa.

Kijana wa Ilemi:
Hilo la Ezana sikuwahi kuambiwa kanisani. Nitalifuatilia. Bado la babu nalitafakari.

Mwalimu wa Uyole:
Ndaga fijo nyote. Mama wa Makambako, neno lako nimelifikisha kwa mchungaji, na suala la ada litakuwa la kwanza kwenye kikao cha baraza Jumapili. Nimeomba pia vijana wasisubirishwe, nipewe muda wa kupitia Imani ya Mitume ibara kwa ibara, na wazazi wakaribishwe kusikiliza. Kule Rungwe mchungaji amekubali twende wote, tukae na ule ukoo.

Katekista, nikimaliza "Mwumba wa mbingu na nchi", wapi pengine nikae kwa muda mrefu?

Katekista Mstaafu:
Kaa kwenye "akateswa zamani za Pontio Pilato". Wengi hulipita haraka. Pilato alikuwa liwali wa Uyahudi kati ya mwaka 26 na 36, mtu wa serikali anayejulikana, na Kanisa limelitunza jina lake ndani ya ungamo lake takatifu ili kila mtoto ajue kwamba Kristo si nguvu fulani inayoelea, wala hadithi ya zamani isiyo na mahali. Aliteswa mahali fulani, mbele ya mtu fulani, kwa mwili wake. Yule kaka wa chuo akija na habari kwamba hadithi ya Yesu imenakiliwa kwa Horusi, mungu wa Misri ya kale, mwulize Horusi aliuawa chini ya liwali gani. Na siku hiyo mwalike naye akae darasani, asisikie kwa kuambiwa.

Mama wa Makambako:
Mwalimu, baraza likikwama kwenye ada niandikie pembeni. Akina mama wa huku tuna mfuko mdogo.