Chumba na sebule, watoto wawili: tugawe sebule au tuhamie Buswelu?

Baba_Kitangiri

Wakuu, habari za jioni. Naomba mawazo, hasa ya mliokwishapita hapa nilipo.

Tunakaa Kitangiri, hapa Mwanza, chumba na sebule, choo cha ndani, jiko ni kikorido cha kupishana mabega. Nilipanga nikiwa bachela, leo tuko wanne. Wa kwanza ana miaka minne na nusu, wa pili miezi minane. Chumba ni futi 10 kwa 11: kitanda cha 5 kwa 6, kitanda cha mtoto chenye vizuizi, kabati la milango mitatu, basi. Kwenda mlangoni napita ubavu. Sebule ni futi 12 kwa 13, ila sofa ya kona imemeza nusu. Mkubwa anasinzia hapo hapo kwenye sofa, saa nne namshusha kwenye godoro la chini, alfajiri nalikunja naliegemeza nyuma ya mlango. Juzi limeangukia sufuria ya uji.

Nina njia tatu. Kumleta fundi gypsum akate sebule vipande viwili. Mwenye nyumba amekubali, kwa mdomo. Au kuagiza dabo deka (kitanda cha ghorofa) nilikinge kwa kabati au pazia. Au kuhama: nimeonyeshwa nyumba Buswelu, vyumba viwili, sebule, jiko la kueleweka, kodi ile ile ninayolipa hapa. Kikwazo ni kwamba mama watoto anauza dagaa soko la Mwaloni. Kutoka hapa anakwenda kwa miguu, na mchana anarudi kunyonyesha.

Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Ngosha_wa_Magu

Hama. Watoto wanataka uwanja, hawataki gypsum. Huko mlimani kwenye mawe mtoto akitoka nje anakutana na jiwe au bodaboda.

Dada_Igoma

Ngosha, taratibu. Sisi tulifanya hivyo hivyo, Kirumba kwenda Buswelu, mtoto akiwa na miezi sita. Nyumba ilikuwa nzuri, sina ubaya nayo. Lakini nilikuwa naamka saa kumi na moja nakamua maziwa gizani, nafika kazini nimeshachoka, na jioni nagombea daladala na kifua kimejaa hadi blauzi inalowa. Zamani mchana nilikuwa navuka barabara tu, namnyonyesha, narudi.

Kodi ilibaki ile ile, kweli. Zikaongezeka nauli za watu wawili, kwenda na kurudi, siku sita kwa wiki. Akaongezeka dada wa kazi ambaye Kirumba hatukumhitaji, maana jirani alikuwa anatushikia mtoto. Ikaongezeka sahani ya ugali ya kununua mjini kila mchana. Piga hesabu ya hivyo vyote kabla hujampa dalali mwezi wake. Vyumba viwili tulivilipia, ila tulikuwa tunavikuta usiku tu.

Mdogo akiacha ziwa, hapo hata mimi nitakwambia hama.

Fundi_Mecco

Mkuu, mimi ni seremala, kwa hiyo ningetaka uagize kabati kubwa kuliko yote. Hata hivyo ngoja nikueleze ukweli.

Kwanza gypsum. Nina swali moja tu: sebule yako ina madirisha mangapi? Nyumba nyingi za kupanga hapa mjini, sebule ina dirisha moja, la mbele. Ukipiga ukuta katikati, upande wa nyuma unakuwa stoo. Mchana taa, usiku joto. Ukuta huo ukitundikia rafu ya vitabu au TV bila kuwa na mbao ndani yake, unang'oka na kipande. Na siku ukihama unauacha, kama mwenye nyumba hajakutaka ulipie kuubomoa. Makubaliano ya mdomo husahaulika na aliyeyatoa.

Kabati kama kizigeu. Linafaa, ila mgongo wa kabati si kitu cha kuangalia, lazima ulipie bodi ya kuufunika. Na kabati lililosimama katikati ya chumba bila kushikwa na ukuta ni hatari kwa nyumba yenye mtoto wa miaka minne. Atafungua droo ya chini, apande, afungue ya pili, na zima litamlalia. Hata lile la milango mitatu huko chumbani, lifunge ukutani kwa pembe za chuma na skrubu mbili. Ni kazi ya dakika ishirini, mletee fundi soda tu.

Halafu kuna hili la mawe. Nyumba yako imeegemea jiwe? Mteja wangu mmoja wa mlimani nilimtengenezea kabati la MDF, zile bodi za unga wa mbao, likapendeza, likawekwa limebana ukuta wa nyuma. Ilipofika masika maji yakatiririka kutoka kwenye jiwe, ukuta ukawa unatoa jasho, na kufika Mei miguu ya kabati ilikuwa imevimba kama mkate uliolowa kwenye chai. Tangu siku hiyo, upande wa jiwe nataka mbao ya msonobari iliyokauka, miguu ya inchi 4, na kabati likae mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita.

Sasa dabo deka. Watu wengi wananiletea picha, na huwa nauliza umri kwanza. Kitanda cha juu hakitakiwi kulaliwa na mtoto aliye chini ya miaka sita. Wa kwako ana minne na nusu, mwingine ana miezi minane. Sasa huko juu atalala nani? Utalipia ghorofa la kuwekea mabegi kwa mwaka mmoja na nusu.

Mimi ningekutengenezea benchi la futi 2 na nusu kwa 6, godoro la inchi 5 juu, mchana ni kiti cha watu watatu, usiku ni kitanda. Chini yake weka droo. Usikubali fundi akuwekee kifuniko cha bawaba cha kuinua, vidole vya watoto vinaishia hapo. Kizigeu ni pazia zito la kwenye reli, reli ifungwe darini. Litakuwa nafuu kuliko gypsum na utahama nalo.

Mama_Pacha

Fundi kasema kweli kuhusu dabo deka, ila amesahau pangaboi. Sisi tulilipata la bei nzuri, tukaliingiza, tukafurahi, watoto wakapanda. Mume wangu akawasha pangaboi. Mkono wa pacha mmoja ulikuwa kama sentimita ishirini tu kutoka kwenye panga. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Pangaboi likafungwa siku ile ile, tukanunua feni ya ukutani.

Jambo la pili, chandarua. Mnaogawa vyumba hamlifikirii, na Mwanza mbu hawana likizo. Kitanda cha chini unafunga chandarua kwenye chaga za kitanda cha juu, kwa ndani, unachomeka chini ya godoro. Cha juu kinataka chandarua cha pembe nne chenye misumari darini, na msumari ukipigwa kwenye gypsum tupu unachomoka usiku na chandarua kinamwangukia mtoto usoni. Lazima umtafute fundi aguse pale penye mbao za dari. Kwa benchi la Fundi ni rahisi zaidi, chandarua kimoja tu, kinafungwa asubuhi kwa fundo na kutupwa nyuma ya pazia.

Ngosha_wa_Magu

Mnamtengenezea mtu meli ndani ya sebule. Mama mkwe akija kutoka Ukerewe atalala wapi?

Dada_Igoma

Kwenye benchi, na mtoto atarudi kulala na wazazi siku tatu. Mama mkwe wangu kule Buswelu alikaa miezi miwili kwa sababu chumba kilikuwepo. 😂

Mtoto_wa_Igogo

Mimi nina swali kwa Baba_Kitangiri: pipa la maji limekaa wapi? Maana huku mlimani maji yakiwa ya mgao kila mtu ana pipa, na kwenye nyumba ndogo ndilo linalokula nafasi kuliko hata sofa. La kwangu lilikuwa bafuni, mtoto alipoanza kusimama nikalitoa nikaweka madumu ya lita 20 yenye vifuniko, yamepangwa chini ya sinki. Kazi kumimina, lakini nalala usingizi.

Na mtungi wa gesi pia. Gesi ikivuja inashuka chini na kutulia sakafuni, kwa hiyo mtungi ukikaa kwenye kikorido kisicho na upenyo chini ya mlango, hupati hewa ya kuitoa. Na jiko la mkaa msiliingize ndani usiku hata mvua ikinyesha vipi, ile hewa yake haina harufu na inaua.

Baba_Kitangiri

Wabeja sana wote. Leo Jumapili nimechukua chaki nikachora sakafuni. Sofa tumeisukumia nje kwa jirani kwa muda. Nimechora benchi, nimechora pazia, nimechora mahali mlango unapofungukia. Mkubwa akalala ndani ya mstatili wa chaki akasema ni kwake, hataki kutoka.

Nilichogundua ni kwamba bila sofa ya kona sebule ile si ndogo. Ile sofa ni futi 8 kwa 6, na ukihesabu nani anakaa hapo, ni mimi, mechi za wikiendi, na nguo zinazosubiri pasi. Mama watoto ananyonyeshea kitandani kwa sababu mgongo wa sofa umelala nyuma mno.

Fundi, dirisha ni moja, la mbele. Gypsum nimeifuta. Na jiwe lipo, upande wa chumbani. Nimepapasa ukuta nyuma ya kabati, rangi imeanza kubanduka.

Swali: pazia liwe upande gani? Benchi likikaa chini ya dirisha mtoto anapata hewa, ila sisi tunabaki gizani. Likikaa nyuma, yeye ndiye anakosa hewa.

Fundi_Mecco

Liweke chini ya dirisha. Nyie mnakaa macho saa mbili zaidi yake, yeye anapumua hapo saa kumi. Na pazia lisifike darini kabisa, acha futi moja juu hewa ya feni ipite. Reli ishuke kwa vyuma vidogo, fundi wa kuchomelea atakufanyia kwa skwea paipu ya nusu inchi.

Mama_Pacha

Dirishani sawa, ila angalia wavu. Mwezi unapoandama wale vijidudu vya ziwani wanakuja kama moshi, hawaumi lakini wanajaa kwenye taa mpaka kwenye chai. Wavu wenye tundu kubwa hauwazuii. Sisi jioni hizo tunazima taa ya ndani, tunawasha ya barazani, wote wanakwenda huko. Asubuhi unafagia rundo.

Baba_Kitangiri

Wakuu, narudisha mrejesho, wiki ya tatu hii.

Benchi limekuja, msonobari, droo mbili. Moja ya midoli, nyingine ya nguo za mdogo, hivyo kabati la chumbani limepumua na tumelivuta mbali na ukuta wa jiwe. Pazia la kwanza nilikosea, nilinunua zito kupita kiasi na refu hadi chini. Usiku wa kwanza mtoto aliamka ameloa jasho. Mama yake alilipunguza kwa mkasi bila kuniuliza. Sasa lina futi moja juu na inchi sita chini, naona miguu ya mtu akiwa nyuma yake.

TV imegeukia ukuta wa jikoni ili mwanga usimpige. Viti viwili vya plastiki vyenye mito, na mkeka. Mechi ya Jumamosi tulikuwa wanaume watano kwenye mkeka, hakuna aliyelalamika, ila shemeji alisema tumefilisika.

Buswelu nimemwambia dalali tuongee tena mdogo akifika miaka miwili. Alikata simu.

Kasoro iliyobaki: mkubwa amejua kwamba ana chumba. Jana nimefunua pazia nimsalimie, akaniambia nirudi nje nibishe hodi. Nikarudi. Nikabisha. Hakuitika.

Mtoto_wa_Igogo

Na ile sofa ya kona, bado ipo? Nina sebule ya 14 kwa 15.

Baba_Kitangiri

Ipo kwa jirani, ameanza kuizoea, wahi. Utang'oa miguu kwanza ndipo ipite mlangoni, na uje na vijana watatu, ngazi za mawe ni ishirini na mbili mpaka barabarani.