Yule mtafsiri AMEPOKEA SIMU wakati Jin-Woo anamwinua mfalme wa siafu!!!

Wakuu, nimezima TV sasa hivi. Jina sitaji, mnamjua wote, yule wa sauti ya kukwaruza anayejisifia nusu saa kabla muvi haijaanza.

Solo Leveling, ile anime ya Jin-Woo, mwindaji anayeinua maiti wawe vivuli vya jeshi lake, msimu wa 2 umeisha tangu Machi 2025. Nikajikaza nisiuone, nisubiri tafsiri tuangalie na wadogo zangu. Mengine yote nimemvumilia. Igris, kivuli mpiganaji wa Jin-Woo, jamaa kamwita "Mwekundu", nikanyamaza. Cha Hae-in, yule mwindaji wa kike, kamwita "shemeji" wakati Jin-Woo hata hajamwangalia vizuri. Sawa.

Lakini PALE! Mfalme wa siafu kamaliza wawindaji kule kisiwani Jeju, mponyaji wao Min Byung-gyu kafa, na huyo siafu naye sasa ni maiti. Jin-Woo ananyoosha mkono. Moshi mweusi unapanda. Sebule nzima hakuna anayemeza mate. KRIIING. Jamaa akapokea! "Haloo. Eeh. Chukua nusu kwa Mangi, mwambie jioni namlipa." Nusu ya nini? Hatukuambiwa! Anarudi, siafu kashakuwa kivuli, jina Beru, kashapiga goti, yeye anasema "haya, ndo huyo kaamka."

Taito Ban, mwenye sauti ya Jin-Woo kwa Kijapani, kajaza sauti kifuani kwa ajili ya pale. PALE! Jeshi zima la vivuli limesimama linasubiri mtu amalize kukopa! Na hakufuta! Kasikiliza, karidhika, kauza!

mzee_wa_bando: Umelipa buku kujaziwa flashi, unataka na utulivu?

dada_manhwa: Mngesoma katuni yenyewe haya yasingewakuta. Beru mimi namjua kitambo.

mzee_wa_bando: Haya, wasomi wameshawasili.

chapombe_mstaafu: Nusu ilikuwa ya mkaa. Mbele kidogo anapiga mwenyewe kuuliza kama umewaka.

Mleta uzi: KUNA SIMU YA PILI???

chapombe_mstaafu: Ulikuwa mbichi. Ile ya pili ndo tamu, wanagombana kabisa.

frieren_tu: Na hii ndo mkaipa tuzo ya Anime ya Mwaka 2025, anime yangu Frieren mkaiacha pale pale kwenye orodha. Mkaa mbichi ni saizi yenu.

dada_manhwa: Frieren watu wanatembea msimu mzima, mkuu.

frieren_tu: Wanatembea kwa heshima. Wako anapiga kila kitu, kikifa anakiajiri.

mtoto_wa_tandika: Afadhali nyie simu. Mimi kijana wa pale kwetu kanijazia sehemu 1 mpaka 9, nafungua ya 10 nakuta harusi ya watu. Saa mbili na nusu.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada, PALE anaponyoosha mkono

chapombe_mstaafu: Harusi ya nani?

mtoto_wa_tandika: Sijui, ila MC anachekesha. Nimefika kwenye keki.

mzee_wa_bando: Irushe basi.