Mtoto wa miaka sita na saa ya mishale, nianzie wapi?

mama_Nuru: Habari za jioni wadau. Binti yangu yuko la kwanza, saa ya kwenye simu anasoma fresh ila ile ya ukutani inamtoa jasho. Shule ni ya Kiingereza, mshale mfupi ukiwa kwenye 7 wanafundishwa ni saba, akirudi home bibi yake anamwambia saa moja, juzi kaniuliza eti bibi hajui kusoma saa? 😂 Nimfundishe ipi kwanza jamani?

BabaKelvin: Zote tu, hamna shida. Mwambie aangalie ng'ambo ya mshale mfupi. Uko kwenye 7, ng'ambo kuna 1, basi kwa bibi ni saa moja. Uko kwenye 10, ng'ambo 4, saa nne. Hatoi wala hajumlishi kitu, na mshale mrefu anausoma vilevile kama shule maana dakika hazibadiliki.

ticha_wa_Moro: Hiyo ya ng'ambo nzuri mkuu ila isiwe ya kwanza, mtoto ataichanganya na mshale mrefu. Mi nafundisha hawa wadogo, tafuta saa mbovu fungua kioo chomoa mshale mrefu, abaki na mfupi peke yake. Umepita 8 haujafika 9? Bado ni ya 8, hata kama umeikaribia 9 kabisa. Hapo ndo wanapoteleza wengi, ikiwa saa kumi kasorobo mshale mfupi unakuwa karibu na 4 mtoto anakwambia saa kumi na dakika arobaini na tano. Akishaelewa hapo ndo urudishe mrefu, na kama hajaweza kuhesabu tano, kumi, kumi na tano mpaka sitini usihangaike nao kwanza.

Shangazi Mtu: Na hakikisha saa ina namba zote 1 mpaka 12, hizi za urembo zenye vidoti vinne hata sisi wakubwa tunakodoa macho. Kwangu ipo juu ya tivii, taarifa ya habari ikianza saa mbili usiku namuuliza mfupi uko wapi, mrefu uko wapi.

mama_Nuru: Asanteni sana. Ticha, sasa akiona 19:00 kwenye simu?

ticha_wa_Moro: Hiyo achana nayo kwanza dada, mpaka ajue kutoa kumi na mbili bila vidole.